Nani anamwaga sumu kwenye laini ya majitaka? Ndoo, mashine, kihisi au utelezi wa bomba, uchague kipi

Dogo mmoja tunafahamiana, yuko kwenye kazi ya majitaka mji mmoja huko mashariki mwa Uganda, alinipigia juzi usiku akaniambia kaka, mwaka huu wamenipa pesa ya kitu kimoja tu, ninunue vihisi au ninunue ile mashine inayochota sampuli yenyewe, mabwawa ya kusafishia majitaka yanakufa na kila kiwanda kinasema si sisi. Tuliongea mpaka salio lake likaisha. Hilo swali naulizwa sana, kwa hiyo naandika hapa nilichomwambia pamoja na yale ambayo hatukuyamaliza.

Jibu langu la kwanza lilikuwa usinunue kitu bado. Kwanza jiulize huo uchafu una tabia gani. Unakuja kila siku au unamwagwa kwa vipindi, tuseme usiku wa Ijumaa? Unaganda kwenye tope na kuta za bomba, au umeyeyuka majini unapita moja kwa moja? Halafu wewe unataka nini, unataka tu kujua unatoka wapi ukaongee na mwenyewe, au unataka ushahidi wa kusimama mbele ya hakimu? Nimeona watu wakianzia kwenye katalogi ya mashine badala ya hayo maswali, mwaka unaisha wana mashine stoo na mabwawa bado yananuka.

Kwa wasioijua hii kazi, kwenye mtambo wanaosafisha ni bakteria, sisi tunawachungia tu. Ikija asidi ya ghafla au kostiki, ile soda kali ya kusafishia, wanakufa, na kuwarudisha ni wiki na wiki. Metali nzito ni mbaya zaidi maana bakteria hawawezi kuzila, kromiamu ikiingia kromiamu inabaki, nyingi inaishia kwenye lile tope ambalo wakulima wanakuja kulibeba wakaweke shambani, na nyingine inatoka na maji. Na maji yetu tunajua yanaenda wapi. Kampala mfereji wa Nakivubo unaingia Inner Murchison Bay, ghuba ya Ziwa Victoria, na mitambo ya Ggaba inavuta maji ya kunywa kwenye ghuba hiyohiyo. Jinja mabwawa ya Kirinya yanatoa maji kupitia kinamasi mpaka ziwani Victoria. Mtambo mpya wa majitaka wa Bugolobi, Kampala, umejengwa kupokea mita za ujazo 45,000 kwa siku, kitu kikubwa na cha kujivunia, lakini hata uwe mkubwa namna gani haukujengwa kula nikeli. Nikeli inazuiwa kwenye geti la kiwanda, hakuna mahali pengine.

Sasa tuje kwenye njia zenyewe.

Ndoo na kamba ndiyo tuliyoizoea wote. Unafungua chemba kwa mtaimbo, unashusha ndoo, unachota, unajaza chupa, unaandika saa, unaondoka. Kinachokula pesa hapo ni maabara na mafuta ya pikapu tu. Kwa kitu kinachotoka kila saa, kama machinjio yanayotoa damu na mafuta asubuhi nzima, ndoo inatosha kabisa, wala usijisumbue na kingine. Shida ni kwamba ndoo inakuonyesha dakika moja tu ya siku yenye dakika 1,440, na hiyo dakika huwa ni ya mchana, saa nne saa tano hivi, maana ndio muda gari linapatikana. Mwenye kiwanda anajua hilo kuliko wewe, akiona lile gari na vile vizibao vya manjano kule barabarani bomba lake linakauka ghafla. Tena watu wanaharibu sampuli za ndoo kwa vitu vidogo sana. Mafuta na grisi yanataka chupa ya glasi, ukiweka kwenye plastiki yanang'ang'ania ukutani na maabara inakupa namba ndogo ya uongo. Metali zinataka asidi ya nitriki mpaka pH, yaani kipimo cha ukali wa asidi, ishuke chini ya 2, ila kama unatafuta ile kromiamu ya sita, umbo la kromiamu lenye sumu kali zaidi, usiweke hiyo asidi kabisa kwa sababu itageuka kabla haijapimwa, iweke baridi uikimbize maabara ndani ya saa 24. Chupa moja haiwezi kubeba vyote, lazima uende na chupa tofauti tofauti na boksi la barafu.

Mashine ya kuchota yenyewe ni jibu la ule ujanja wa usiku. Ni pipa dogo lina pampu, saa, betri, na ndani mara nyingi chupa 24, unaiambia chota kila saa, chupa moja moja, inakaa hapo siku nzima wewe uko nyumbani. Unaweza pia kuipanga ichanganye zote kwenye chupa moja kubwa, hapo unapata wastani wa siku, na wastani una kazi yake nitaueleza chini, lakini kwa kumtafuta mtu anayemwaga kwa vipindi mi nasema chupa tofauti siku zote. Ukimchanganya mwizi wa saa nane usiku na saa 23 za maji ya kuogea anapotea humo humo.

Gharama yake ni kitu kingine. Kwa bei ya mashine moja unanunua boda tatu nne na bado unatakiwa kulipa mlinzi, maana ukiiacha chini ya mfuniko barabarani bila mtu, asubuhi unakuta betri imekwenda. Bomba la kunyonyea linaziba kwa matambara na pedi. Na chupa 24 ukizipeleka zote maabara kwa metali sita sita bajeti imeisha kwa siku moja. Sisi huwa tunapima kwanza pH na uwezo wa kupitisha umeme kwa kila chupa hapo hapo kwenye buti ya gari, tunatazama rangi, tunanusa kwa mbali, halafu tatu au nne zilizo tofauti na wenzake ndizo zinaenda maabara.

Kihisi ndicho kitu ambacho wauzaji wanakisukuma siku hizi, na naelewa kwa nini kinavutia, unaona grafu kwenye simu, pH, joto, uwezo wa maji kupitisha umeme, kila dakika, usiku na mchana. Kwa vitu vingine ni kizuri kweli. Kiwanda cha bia au soda kinaposafisha matangi kinatumia kostiki kisha asidi, pH inapanda na kushuka kama milima ya Kabale, huwezi kuikosa. Kiwanda cha ngozi kinaosha ngozi zilizotiwa chumvi, uwezo wa kupitisha umeme unaruka. Nguo zinazotiwa rangi zinaleta maji ya moto. Lakini kihisi cha namna hiyo hakioni risasi, hakioni kromiamu, hakioni nikeli. Kinaona dalili. Kama metali inakuja pamoja na asidi utashtuka, kama mwenye kiwanda ameshaipooza asidi kwa chokaa lakini hakusubiri metali ituame akaimwaga hivohivo, kihisi kitakwambia mambo shwari na sumu inapita chini ya pua yake. Halafu kuna grisi. Kwenye laini yenye machinjio au mama lishe wengi, kioo cha pH kinavaa koti la mafuta ndani ya siku chache, kuanzia hapo kinachosomwa ni mafuta. Lazima mtu aende akisafishe na kukipima upya kila wiki, na kwetu mtu huyo ni mmoja na ana kazi nyingine kumi. Kwa hiyo yule dogo nilimwambia vihisi vya kufunga moja kwa moja aviache kwanza. Kile cha mkononi cha pH na umeme hicho nunua leo, kitakufaa kwa kila njia.

Sasa njia ninayoipenda mimi, na ndiyo watu wengi hapa hawaijui: utelezi wa bomba. Ule utando wa kijivu unaoota ukutani pale maji yanapofika, laini kama bamia iliyochacha. Ni bakteria walioshikana, na wanapokaa pale wiki baada ya wiki wananasa metali na mafuta mazito yanayopita. Wajerumani wamekuwa wakiutumia kutafuta viwanda tangu miaka ya 1980. Wewe unakuja mara moja, mchana, hata mwenye kiwanda amefunga bomba siku hiyo haikuhusu, maana ukuta unakumbuka mwezi mzima. Unaukwangua kwa kijiko cha plastiki, narudia plastiki, kijiko cha chuma kisichoshika kutu kina kromiamu na nikeli ndani yake, utakuwa unajipimia kijiko chako mwenyewe. Unajaza kikopo, unapeleka maabara wanakausha, wanakupa miligramu kwa kilo. Kama bomba ni jipya au limesafishwa juzi na halina utelezi, unaning'iniza kibao cha plastiki kilichokwaruzwa msasa, unarudi baada ya wiki nne hivi.

Mapungufu yake nayasema wazi. Haukwambii ni lini, haukwambii ni kiasi gani kwa siku, na hauwezi kuupeleka mahakamani ukasema huu ndio uliovunja kibali cha kiwanda. Chumvi, asidi, sukari za viwanda vya soda, hivyo vimeyeyuka, haviachi kitu. Lakini kwa metali hakuna kinachokufikisha karibu kwa pesa kidogo namna hii.

Ntakupa mfano nilioushika kwa mikono yangu, majina nayaacha. Tope letu lilikuwa linarudi na kromiamu na nikeli juu sana na mji mzima ulishamjua mkosaji, kiwanda kimoja kikubwa cha ngozi, kwa sababu ngozi na kromiamu ni ndugu na kwa sababu kinanuka. Tulichota kwa ndoo nje ya uzio wake miezi na miezi, kromiamu ipo kidogo, nikeli hamna. Hapo tulipaswa kusimama tukajiuliza, kutia ngozi dawa kunatumia chumvi ya kromiamu, nikeli inatoka wapi? Hatukujiuliza, tulikuwa tumeshaamua, na hilo bado linaniuma maana wale watu tuliwaandikia barua kali mara mbili. Ndipo tukaanza kukwangua. Mtandao wa majitaka ni kama mti, unaanzia shinani, kwenye kila panda unakwangua tawi la kushoto na la kulia, lililo chafu unalifuata, safi unaliacha. Ukigawa nusu kwa nusu hivyo chemba 64 zinaisha kwa hatua sita tu. Panda ya tatu ilitupeleka mbali na ngozi, upande ambao kwenye ramani zetu palikuwa nyumba na maduka tu. Chemba ya mwisho yenye utelezi mchafu ilikuwa nyuma ya karakana moja ndogo, geti la mabati, hakuna hata kibao, ndani wanapaka bampa na vyuma vya pikipiki nikeli na kromiamu kwa umeme.

Hapo ndipo mashine ikapata kazi yake. Tuliishusha kwenye ile chemba saa tatu asubuhi. Kesho yake nikatoa chupa moja moja nikazipanga kwenye bati, kijivu, kijivu, kijivu, zote zile za kawaida za maji ya sabuni, na ya 18, ile ya saa nane usiku, ilikuwa njano. Njano ya mkojo wa asubuhi, nyangavu, inapitisha mwanga. Kromiamu ya sita ndiyo rangi yake, na kama tungechota kilomita mbili chini tusingeiona hata kwa mashine kwa sababu uchafu wa kawaida wa majitaka unaigeuza njiani kuwa ile ya tatu isiyo na rangi hiyo. Wale vijana walikuwa wanabadilisha beseni la dawa usiku. Mzee mwenye karakana alipoiona ile chupa alikaa chini. Hakuwa anajua ni sumu ya namna gani, na vijana wake walikuwa wanaishika kwa mikono mitupu.

Kwa hiyo ukinilazimisha niweke ndoo, mashine, kihisi na utelezi mezani pamoja, nasema hivi: utelezi unakuonyesha mahali, mashine inakuonyesha saa, ndoo inathibitisha kile unachokijua tayari, kihisi kinalinda mtambo wako usishtukizwe. Kihisi kimoja pale mwingilio wa mtambo ni kizuri, kikipiga kelele unageuza maji kwenye bwawa la akiba kama unalo. Kutafuta mtu nacho ni kazi ngumu.

Rangi ya kufuatilia na kamera ya bomba nazitaja haraka kwa sababu hizo hazipimi uchafu, zinajibu swali lingine: hili bomba linaenda wapi? Unamwaga floresini kidogo kwenye sinki la kiwanda, kijani kinachong'aa, mwenzako anakaa chemba ya chini anasubiri. Kwa miji yetu ambayo ramani za laini ni za zamani, au ziko kichwani mwa fundi aliyestaafu, hii si anasa. Ni rahisi kuliko kamera mara nyingi sana, kamera ikodi tu pale unaposhuku bomba la siri limetobolewa pembeni. Na mwambie jirani kabla, watu wakiona maji ya kijani mtaroni wanaogopa, wana haki ya kuogopa.

Kuna njia moja haina kifaa kabisa na inadharauliwa, karatasi. Bili za maji. Kiwanda kinachonunua maji mita za ujazo 300 kwa mwezi na kibali chake kinasema kinatoa 40, hizo nyingine zimeenda wapi? Kama ni kiwanda cha soda, waweza kuwa wanaziweka kwenye chupa, sawa, karakana ya vyuma je? Uliza wananunua kemikali gani, angalia mapipa tupu uani. Kabla sijafungua chemba hata moja siku hizi nakaa siku mbili na makaratasi.

Sasa ule wastani niliokuahidi. Ukishawapata wawili watatu, usishindanishe miligramu kwa lita peke yake. Karakana inatoa nikeli 40 mg/l lakini maji yake ni mita za ujazo 10 kwa siku, hiyo ni gramu 400. Kiwanda kikubwa kinatoa 2 mg/l tu, kinaonekana msafi, lakini kwa mita za ujazo 500 hiyo ni kilo nzima kila siku. Ukitaka kusafisha tope la mabwawa anza na wa kilo. Kwa hesabu hii sampuli ya mchanganyiko wa saa 24 ndiyo inafaa, pamoja na kipimo cha mtiririko, na kama huna mita ya mtiririko hata ndoo ya lita 20 na saa ya simu mdomoni mwa bomba dogo inakupa namba ya kuanzia.

Na kama unaelekea kwenye sheria, njia inabadilika kabisa. Zile namba maarufu, BOD 50 na COD 100 (miligramu kwa lita, vipimo vya oksijeni ambayo uchafu utaila majini) za kanuni za Uganda za 1999, zilikuwa za maji yanayomwagwa kwenye mazingira, na kanuni hizo zilifanywa upya 2020, watu bado wanazitaja za zamani. Kiwanda kinachoingiza kwenye laini unakipima kwa kibali chake mwenyewe, kisome kwanza. Nenda na mkaguzi wa NEMA, mamlaka ya mazingira ya Uganda, chota mbele ya mwakilishi wa kiwanda, gawa sampuli naye apate yake, funga kwa lakiri, kila anayeishika chupa asaini na saa. Ukikosa saini moja tu wakili wake atakurudisha nyumbani. Utelezi wako mzuri wote hapo unakaa nyuma kama fununu iliyokufikisha mlangoni.

Msimu nao ni sehemu ya uchaguzi. Machi mpaka Mei, na tena Septemba mpaka Novemba, mvua inaingia kwenye laini kupitia mifuniko iliyovunjika, inapunguza kila kitu na kuosha tope la miezi kutoka mabombani, namba zinacheza. Ndoo na mashine zitakudanganya. Anza Juni au Desemba kukiwa kukavu. Na miji mingi viwanda havijaungwa kwenye laini kabisa, vinamwaga mtaroni, hapo utelezi unakaushwa na jua au unachanganyika na udongo, badala yake chota lile tope laini linalokaa chini mtaroni, juu na chini ya kila mdomo wa bomba.

Jambo moja nalisema kwa uzito wote kwa njia yoyote utakayochukua. Usiingie chemba. Kukwangua tunafanya na mti mrefu uliofungwa kijiko, tumesimama juu, na kipima gesi kimeshushwa kabla. Ile harufu ya yai bovu watu wanadhani itawaonya, lakini gesi hiyo, ambayo inaua, ikifika kama 100 ppm (sehemu 100 kwa milioni moja ya hewa) pua inakufa ganzi, unaona harufu imeisha, unadhani kumekuwa salama, unashuka. Halafu wa pili anashuka kumtoa wa kwanza. Kipima gesi ni bei ndogo sana ukilinganisha na mashine, na kama dogo angeniambia pesa inatosha hicho tu ningemwambia nunua hicho.

Yeye mwishowe tulikubaliana hivi: kipima gesi, kipimo cha mkononi cha pH na umeme, vijiko vya plastiki, vibao kumi na mbili vya kuning'iniza, na pesa iliyobaki yote iwe ya maabara. Mashine ataazima mji wa jirani kwa wiki moja, akishajua ni chemba ipi. Jana amenitumia picha ya panda ya kwanza, tawi la kushoto utelezi ni wa kijivu, la kulia una weusi fulani sijaupenda. Vikopo viwili vimeshaenda maabara.